Nyota za Mgonjwa na Nyota za Mwanagenzi

Mpwa wangu aliilaza simu mezani, katikati ya vikombe viwili vya chai na sahani ya mandazi, akaigeuza upande wangu nione. Tulikuwa kibandani mkabala na lango la hospitali ya Russia, kwenye barabara ya kutoka Kisumu kwenda Kakamega, na makelele ya makanga wa Kondele yalimlazimu apaze sauti.

"Mjomba, hii ina nyota nne nukta sita. Hiyo yako ina tatu nukta nne. Mbona unanisukumia kwenye tatu?"

Yuko mwaka wa mwisho wa udaktari. Muda si mrefu ataulizwa ni hospitali zipi angependa kufanyia uanagenzi, ile miezi 12 ambayo daktari mpya huzungushwa katika wodi ya watu wazima, upasuaji, watoto na uzazi kabla ya kuruhusiwa kutibu bila msimamizi. Neno la mwisho ni la wizara, lakini kupendekeza anapendekeza, na siku hizi kabla ya kupendekeza watoto hawa hufungua simu na kuangalia nyota. Hospitali mbili tulizokuwa tukizishindanisha sitazitaja. Moja ni ya binafsi, ina vigae vinavyong'aa na maegesho ya magari. Nyingine ni ya kaunti.

Nilimwomba aachane na nambari kwanza, anisomee yaliyoandikwa chini yake. Akaanza na ile ya nyota nyingi. Mtu mmoja alikuwa ameandika kwa furaha kwamba alihudumiwa na daktari bingwa mwenyewe tangu mwanzo hadi mwisho, "hakuna kufanywa kitabu cha wanafunzi". Nyota tano. Mwingine alisifu mapokezi na choo. Wa tatu alisema hakukaa foleni hata dakika kumi. Akahamia ile ya kaunti. Foleni tangu alfajiri. Wagonjwa wawili kitanda kimoja. Kisha mama mmoja aliyekasirika kwelikweli: alizungukwa kitandani na vijana saba waliovaa makoti meupe, mkubwa wao akiwauliza maswali, na watatu kati yao wakamshika tumbo mmoja baada ya mwingine. Nyota moja.

"Huyo wa mwisho," nilimwambia, "ndiye aliyekuandikia wewe."

Alinitazama kana kwamba nimeanza kuzeeka vibaya.

Lakini fikiria. Mgonjwa anayelipia bingwa ana haki ya kumpata bingwa, na akimpata atafurahi. Mwanagenzi kwenye wodi hiyo atakuwa amesimama nyuma akishika faili. Ataona mengi, mkono wake hautafanya lolote. Mwaka utakwisha hajashona kidonda kirefu wala hajachoma sindano ya uti wa mgongo zaidi ya mara moja, tena akiongozwa kama mtoto anayefundishwa kuandika. Yule mama wa nyota moja naye, bila kukusudia, ametoboa siri ambayo hospitali yenyewe isingeitangaza: kwamba pale raundi inafanyika kweli, kwamba kuna mkubwa anayefika na kuuliza maswali, na kwamba vijana wanaruhusiwa kumgusa mgonjwa. Kwa anayetafuta mahali pa kujifunza, hiyo ni habari ya thamani kuliko choo safi.

Lakini hasira ya mama yule si ya kupuuzwa. Ameeleza pia kwamba hakuna aliyemwomba ruhusa. Hilo nalo ni fundisho kuhusu hospitali ile. Mwalimu asiyesema "Mama, hawa ni wanafunzi wangu, unaridhia wakuguse?" anawafundisha vijana saba kwa mpigo kwamba maskini haulizwi. Kwa hiyo katika maoni hayo hayo ya mistari minne nilisoma kwamba pana mafunzo, na kwamba mafunzo yenyewe yana ufa. Nyota moja iliyo juu yake haikusema lolote kati ya hayo mawili.

Mwaka 1966 daktari na mtafiti Avedis Donabedian aliandika kwamba ubora wa tiba una sehemu tatu za kupimwa: vilivyopo, yanayofanyika, na yanayotokea baadaye. Mgonjwa wa kawaida huona vilivyopo, yaani jengo, kitanda, foleni, na huona kipande cha yanayofanyika, kile kilichomgusa yeye. Mwanagenzi anaingia katika hicho cha pili kwa mlango wa nyuma. Anataka kujua kazi inafanywaje wakati mgonjwa haoni: nani anaitwa usiku, nani anamsahihisha nani, kosa likitokea linazungumzwa au linafichwa. Hakuna mgonjwa anayeweza kumwandikia hayo, hata awe mkweli namna gani.

Tukarudi kwenye hesabu, kwa sababu mpwa wangu anapenda hesabu. Hospitali yenye maoni matano, yote ya nyota tano, ikimpata mtu wa sita aliyegombana na mlinzi wa getini akaipa moja, wastani wake unaanguka kutoka 5 hadi 4.3. Hakuna kitanda kilichoongezwa wala daktari aliyefukuzwa. Mtu huyo huyo akienda kwenye hospitali yenye maoni 600 hataacha hata alama. Nikamuuliza ile yake ya nne nukta sita imepimwa na watu wangapi. Akashusha ukurasa. Kumi na tisa.

Halafu nani hasa anayeandika? Waliochunguza maduka ya mtandaoni wameshaona kwamba ukichora grafu ya nyota mara nyingi hutoka kama herufi J: tano ni nyingi kupita kiasi, moja ziko za kutosha, na katikati pakavu. Huandika aliyefurahi sana na aliyeudhika sana. Katika hospitali zetu ongeza na hili: huandika mwenye simu janja, mwenye bando, na mwenye nafsi iliyotulia. Mama aliyejifungua salama saa tisa usiku katika wodi ya kaunti anaondoka asubuhi akiwaza nauli ya kurudi Nyakach, hawazi nyota. Upande wa pili nimeona kwa macho yangu dirisha la malipo lenye karatasi iliyobandikwa ikiwaomba wateja watoe nyota tano kabla ya kuondoka. Wahenga walishasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nyakati hizi hata kizuri kinatembezwa, kwa hiyo kujua kipi ni kipi kumekuwa kazi.

Lipo pia suala la wakati. Hospitali tuliyokuwa tumeikalia mlangoni iliitwa New Nyanza, ikawa hospitali ya mkoa, na leo ni Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga. Mwambie mwendesha boda jina hilo lote uone atakavyokutazama. Mwambie "Russia", anawasha pikipiki. Iliitwa hivyo kwa sababu ilijengwa kwa msaada wa Muungano wa Sovieti, na siku ya kufunguliwa kwake, Oktoba 25, 1969, Mzee Jomo Kenyatta na Jaramogi walirushiana maneno mbele ya umati, polisi wakafyatua risasi na watu wakafa. Wasovieti wenyewe hawapo tena duniani kama dola. Jina lao bado linapakia abiria Kondele. Nakuru nako ni vivyo hivyo: hospitali ya rufaa ya kaunti bado ni PGH, Provincial General Hospital, midomoni mwa watu, ijapokuwa hiyo P ni ya mkoa, na mikoa ilishaondoka na katiba ya zamani.

Sifa za hospitali hunata kama majina yake. Simu inachanganya maoni ya miaka kumi katika wastani mmoja, wakati hospitali hubadilika kila anapobadilika mkuu wa idara. Tangu 2013 hospitali nyingi za umma ziko chini ya kaunti, na bajeti za kaunti hupanda na kushuka. Ukikutana na maoni machungu ya 2017, kumbuka kwamba mwaka ule ulianza madaktari wakiwa kwenye mgomo uliofika siku 100, na Juni wauguzi wakaingia katika mgomo wao uliochukua takriban miezi mitano. Aliyeandika "hakuna mtu wodini" alikuwa anasema kweli, lakini alikuwa akiuelezea mgomo. Hivyo hivyo kwa 2024, kuanzia Machi 14 hadi Mei 8, siku 56, na kiini kikubwa cha mgomo ule kilikuwa hawa hawa wanagenzi: mkataba wa 2017 uliwapa takriban Sh206,000 kwa mwezi, serikali ikataka kuwapa Sh70,000. Mpwa wangu alikuwa mwanafunzi wakati ule na analikumbuka kila tarakimu.

Kitu ambacho nyota haziwezi kabisa kumwambia ni magonjwa. Kuchagua hospitali ni kuchagua utakayoyaona. Huku ukanda wa ziwa, malaria ni mwenyeji, na ugonjwa wa selimundu ni wa kila wiki: mtoto anayelia mifupa inauma, mwingine aliyepauka viganja hadi unatafuta damu kabla hujatafuta jina lake. Burkitt, uvimbe wa saratani unaomvimbisha mtoto taya, hapa si picha ya kitabuni. Panda Nakuru, karibu mita 1,850 juu ya bahari, malaria inapungua, lakini barabara kuu ya Nairobi kwenda Eldoret inapita pale pale na kipande cha Salgaa kiko karibu. Daktari kijana atajifunza mifupa iliyovunjika na vifua vilivyobonyea upesi kuliko angependa. Eldoret, hospitali ya Moi ina ushirikiano wa miongo mitatu na zaidi na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani, ule uliozaa mpango wa AMPATH, na anayetaka kujua jinsi huduma ya virusi vya ukimwi inavyosukwa kutoka hospitali kubwa hadi zahanati ya kijijini ana cha kuona. Sasa wewe unataka kuwa daktari wa nini? Hilo swali simu haikumuuliza.

Kufikia hapo mpwa wangu alikuwa ameanza kukubali, na nikaona ni vyema nimpunguze kasi, kwa sababu wazee tuna ugonjwa wa kuusifu msongamano. Tunasema "sisi tulifunzwa na shida" kana kwamba shida ina cheti cha ualimu.

Mimi nilikuwa tabibu, yaani clinical officer. Mwaka wangu wa mazoezi niliufanya katika hospitali ya mji mdogo, kabla simu za mkononi hazijaenea. Usiku mmoja, mama aliyekuwa amejifungua mtoto wa tano alianza kuvuja damu. Haikuwa ya kudondoka, ilikuwa inamwagika, nami nilikuwa peke yangu pamoja na mkunga mmoja mtu mzima. Tulimtuma mlinzi kwa baiskeli akamgongee daktari nyumbani. Mlinzi alirudi peke yake. Alisema taa ilikuwa inawaka ndani, ikazimwa alipobisha.

Mkunga yule hakusema neno. Alinishika mkono akaubana juu ya tumbo la mama, chini ya kitovu, akanionyesha jinsi ya kuusugua mji wa mimba mpaka unauhisi ukikaza kama ngumi chini ya kiganja. "Usiache," akasema, kisha akaenda kumwekea mpira wa mkojo, kwa sababu kibofu kilichojaa huuzuia mji usijikaze, akatia oksitosini, dawa ya kuukaza mji, kwenye dripu. Nilisugua mpaka bega likafa ganzi. Mama alipona.

Nikikusimulia hivyo utasema hospitali ile ilinifunza. Ni kweli, nilichojifunza usiku ule sijakisahau. Lakini kama ungeniomba nyota asubuhi yake ningetoa ngapi? Mkunga tano. Daktari sufuri. Wastani mbili na nusu, na huo wastani haumwelezi yeyote kati yao. Tena mkunga yule angekuwa likizo, leo ningekuwa nasimulia kifo, na nisingekisimulia kibandani.

Kwa hiyo msongamano hufunza pale tu ambapo kuna mtu nyuma yako. Hilo ndilo la kutafuta: nani anasimama nyuma ya mwanagenzi saa nane usiku? Kama jibu ni "hakuna", basi wingi wa wagonjwa si shule. Ni kijana anayefanya makosa yale yale mara mia na kuyaita uzoefu.

Maoni ya wanagenzi waliotangulia yangepaswa kulijibu swali hilo, na mpwa wangu anayo mengi, yanazunguka kwenye WhatsApp usiku kucha. Tuliyapitia. Mengi ni ya starehe: pale unalala, pale nyumba ni bei nafuu, pale mshahara haucheleweshwi. Siyadharau. Daktari asiyelala ni hatari. Marekani ilibidi kijana wa kike wa miaka 18, Libby Zion, afe New York mwaka 1984 mikononi mwa madaktari waliochoka ndipo mjadala uanze, na ilichukua hadi 2003 kuwekwa kikomo cha nchi nzima cha saa 80 kwa wiki. Na kodi ya nyumba Milimani si jambo la kuchekewa. Tatizo ni kwamba "pale unalala" inaweza kumaanisha zamu zimepangwa vizuri, au inaweza kumaanisha wagonjwa wote huandikiwa rufaa kabla jua halijazama. Mwandishi hasemi ni ipi.

Tena hospitali ikishasifiwa kundi zima huikimbilia. Mwaka uliofuata wanagenzi wanane wanagombania upasuaji mmoja wa kujifungua, na sifa iliyowaleta inakuwa imekufa siku waliporipoti. Hayo hayaonekani kwenye nyota hadi mwaka mwingine upite.

Na wenye kujua ubaya hawaandiki. Bingwa asiyekuja usiku ndiye anayetia sahihi fomu ya kumaliza zamu ya wodi. Ndiye utakayemhitaji akuandikie barua miaka mitatu baadaye ukitaka kusomea ubingwa. Nani atamwandika kwa jina? Ndiyo maana yanayozunguka ni mafumbo tu, "pale jitayarishe", "pale omba Mungu", na kijana wa Kakamega anayasoma akijaribu kukisia fumbo linamhusu nani.

Hapa ndipo ninapowalaumu wakubwa kuliko vijana. Uingereza, General Medical Council, baraza la madaktari la huko, huwauliza madaktari walio mafunzoni kila mwaka kuhusu mahali wanapofunzwa, ukiwemo usimamizi wa mchana na usiku, na matokeo huwekwa hadharani. Kwetu, Baraza la Madaktari, KMPDC, ndilo linaloidhinisha hospitali za uanagenzi. Wizara inajua nani yuko wapi. Kumtumia kila mmoja maswali kumi mwishoni mwa kila zamu ya wodi hakuhitaji mkopo wa Benki ya Dunia. Nitaambiwa hospitali ndogo yenye wanagenzi wanne haina siri, mkuu wa idara atajua nani kasema nini. Basi kusanyeni majibu ya miaka mitatu ndipo mtoe. Vyuo navyo, Maseno, Egerton, Moi, Masinde Muliro, KMTC na matawi yake, vina wanafunzi wodini kila wiki na madaftari yanayotiwa sahihi kuonyesha nani amefanya nini. Sahihi nyingine nazijua, hutiwa mkupuo mmoja ijumaa jioni na mtu ambaye hakuwepo. Mwulizeni mwanafunzi swali moja tu, aliyesaini alikuona ukifanya, nanyi mtaijua hospitali ile kuliko kwa nyota elfu.

Mpaka hayo yafanyike kijana hana budi kuuliza mwenyewe, kwa mdomo, kwa mtu aliyemaliza mwaka huu na si mwaka juzi. Nilichukua risiti ya chai nikaandika nyuma yake. Raundi ya bingwa ni siku gani, na wiki iliyopita alikuja? Mko wangapi kwa kila wodi? Damu ikihitajika usiku, ufunguo wa friji uko kwa nani? Mgonjwa akifa mnakaa kuzungumza, au faili linafungwa tu? Na lile la kwanza kabisa, ambalo nililipigia mistari miwili.

Akampigia palepale rafiki yake aliyekuwa akimalizia hospitali ya kaunti, akaiweka simu kwenye spika. Yule dada alikuwa anatafuna kitu. Alijibu ya raundi, Jumanne na Alhamisi, na ndiyo, alikuja. Wodi ya uzazi wako wawili. Ufunguo wa friji anao mtu wa maabara, analala hapo hapo. Kisha mpwa wangu akalisoma lile la mistari miwili.

"Usiku? Uzazi?" Akacheka, akameza. "Ukikwama kabisa bingwa anakuja, anakaa karibu. Lakini hujampigia, Sista ameshafika. Yule mama wewe! Atakufinya mkono mpaka ujue."

Mpwa wangu hakunitazama. Aliandika jina la hospitali ile kwenye risiti, akaweka alama ya kuuliza mbele yake, akaifuta, akairudisha. Halafu akasema mandazi yameisha.